Jinsi bima ya kazi ilivyomfanya mume wangu ashindwe kumpa mama yangu pole

Wakuu salaam, na walionizidi umri shikamooni.

Wiki iliyopita kuna mdau alileta mada humu kwamba kila msanifu majengo na kila injinia lazima awe na ile bima inaitwa professional indemnity, na asiye nayo ni mshamba tu. Comments zikajaa "umenena mkuu", "hiyo ni must". Nikasoma nikacheka peke yangu jikoni mpaka mboga ikaungua.

Sipingi. Ila ngoja niwape ya kwangu. Chumvi sitaongeza, iliyokuwemo inatosha. Anayeona natunga, Majimoto ipo pale pale, aende akaulize.

Ni miaka ya tisini, katikati hapo. Mpanda enzi hizo ilikuwa bado wilaya ya mkoa wa Rukwa, habari za mkoa wa Katavi hakuna aliyeziota. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale mjini, nimeolewa, nina mtoto mmoja, Neema. Mume wangu nitamwita Baba Neema, ndivyo ninavyomwita mpaka leo.

Baba Neema ni mtu wa Karema, kule ziwani. Amekulia misheni, mapadri ndio waliomsomesha, na huko alitoka na tabia moja: kitu kikishaandikwa, kwake kimekwisha. Ukimwambia jambo kwa mdomo anakujibu "tutaona". Ukimwandikia, anatii. Mafuta ya taa yakiisha nilikuwa namwandikia kikaratasi naweka mfukoni mwa shati lake. Jioni mafuta yamo ndani. Kwa mdomo ningekaa gizani wiki nzima.

Kazi yake ni usanifu majengo. Alikuwa na chumba kimoja karibu na stesheni ya treni, meza kubwa ya kuchorea, na penseli zimechongwa zimepangwa mstari, ole wake atakayegusa. Watu walimwita Injinia. Akawa anawasahihisha, "mimi si injinia, mimi ni msanifu". Wakaanza kumwita Injinia Msanifu. Akachoka, akaacha.

Sasa kukatokea mradi wa madarasa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi. Wafadhili walikuwa watu wa nje. Wakamwambia kazi tunakupa, lakini tuletee kwanza bima ya kazi yako. Baba Neema hajawahi kuisikia. Mpanda nzima hakuna aliyewahi kuisikia. Akapanda treni mpaka Dar, akakaa huko mpaka nikaanza kuulizwa na majirani kama bado nina mume, akarudi na mkataba wa bima ndani ya mfuko wa nailoni.

Kwa wasioijua, nieleze kidogo. Bima ya gari inalipa ukimgonga mtu kwa gari. Hii inalipa ukimgonga mtu kwa mchoro. Umechora vibaya, jengo likaleta hasara, mwenye jengo akakudai, basi kampuni inasimama kwa niaba yako. Ni kitu kizuri, sikatai. Pale mtaani wakaiita bima ya penseli. Fundi viatu wa jirani akamuuliza mume wangu kwa upole kabisa, "Injinia, na kifutio nacho umekikatia?"

Baba Neema hakujali. Alikuwa anausoma ule mkataba kila Jumapili baada ya misa. Nilimkuta siku moja amepiga mstari chini ya maneno, kama mwanafunzi wa seminari.

Madarasa ya Katumba yalikwenda vizuri, yamesimama. Siyo hayo ninayosimulia.

Ninayosimulia ni ghala la baba yangu.

Baba yangu alikuwa Msukuma wa ng'ombe. Alihama na mifugo kutoka kaskazini akatua Majimoto, kwenye nchi ya Wapimbwe, akaona majaruba, akaupenda mpunga kuliko ng'ombe, na ng'ombe alikuwa nao wengi. Mwaka huo mvua ilikubali. Vihenge vikajaa vyote, mpunga mwingine ukalazwa ndani ya nyumba, mpaka mama akawa anapikia nje. Baba akasema anataka ghala la kisasa, la tofali za kuchoma na bati.

Baba Neema akajitolea kumchorea bure. Baba akakataa. Akasema hataki kusaidiwa, anataka kufanyiwa kazi. Akatoa mtamba wa ng'ombe kama malipo. Na Baba Neema, kwa sababu ndivyo alivyo, akaandika mkataba wa kazi na baba mkwe wake mwenyewe. Baba akaweka dole gumba huku anacheka. Mimi nikasema kimoyomoyo, haya.

Sasa hapa naomba mnifuate polepole.

Mume wangu alichora ghala la magunia. Yeye maghala yote aliyoyasoma chuoni ni ya magunia: yanapangwa katikati, unaacha njia pembeni ya kupita, ukuta haubebi kitu zaidi ya bati lake. Hakuuliza utahifadhije, kwa sababu kwake hakuna namna nyingine.

Baba naye hakusema, kwa sababu kwake pia hakuna namna nyingine. Msukuma mpunga anaumwaga. Kihenge unakijaza kwa juu, mpunga unakaa huru humo ndani. Gunia ni la siku ya kuuza. Kwa hiyo ghala likaisha, limependeza, baba akawaita vijana wakaumwaga mpunga wote humo, ukapanda ukutani mpaka karibu na madirisha ya hewa. Kihenge ni cha duara, kinavumilia kusukumwa. Ukuta mrefu ulionyooka hauvumilii.

Fundi aliyejenga alikuwepo siku wanamwaga. Na yeye alisaidia kumwaga.

Ukuta uliachia mchana. Mama yangu alikuwa amekaa kivulini upande ule ule, anachambua choroko. Tofali na mpunga vikamshukia kwa pamoja. Mungu alikuwepo, mpunga ulimfunika mpaka kifuani tu, wakamfukua na mikono. Lakini mkono wake wa kulia ulivunjika vibaya hapa juu ya kiwiko.

Habari nililetewa na dereva wa lori la mpunga, shuleni, mbele ya watoto. Nikaacha chaki chini nikakimbia mpaka ofisini kwa Baba Neema nikiwa nalia. Nikamwambia twende, lori linaondoka sasa hivi.

Akanyanyuka. Naapa, mume wangu siyo mtu wa roho mbaya, alishaanza kuvaa koti. Halafu akasimama. Akafungua droo, akatoa ule mfuko wa nailoni.

Jamani.

Akanisomea pale pale: mwenye bima asikiri kosa, asitoe ahadi, asilipe chochote, bila idhini ya kampuni. Akishafanya hivyo, bima inakufa. Nikamwambia, Baba Neema, mama yangu amevunjika mkono. Akasema, "Najua. Ndiyo maana. Hasara ni kubwa, baba atalipwa vizuri, nikiharibu sasa hivi atakosa kila kitu. Nikienda nitasema nini? Nikisema pole, si nimekiri?"

Nikaondoka peke yangu na Neema. Lori limepita katikati ya mbuga, mbung'o wanatuuma kupitia nguo, na mimi nalia, na hata sijui nalilia mkono au nalilia mume.

Yeye akaenda posta kupiga simu Dar. Aliyepokea akamwambia yale yale yaliyoandikwa: usikiri, usiahidi, usilipe, msubiri mtathmini wa kampuni. Neno pole halikutajwa. Baba Neema akaliongeza mwenyewe, kwa usalama.

Kule nyumbani nilikuta watu wamejaa. Nyie mnajua kwetu, mtu akipatwa, watu wanakuja. Hawaji kwa kuwa wana kosa. Wanakuja. Aliyekuja na kuku, aliyekuja na kuni, aliyekuja mikono mitupu akakaa tu. Swali likawa moja, mwenzio yuko wapi? Nikasema ana kazi Katumba. Shangazi yangu akaguna. Shangazi yangu akiguna hivyo, ujue umeshahukumiwa.

Baba nilimweleza ukweli siku ya tatu hivi, tukiwa wawili. Nikamwambia, baba, kuna karatasi imemkataza.

"Ya serikali?"

"Hapana. Ya bima."

Akafikiri. "Hiyo bima ni mtu wa kwao?"

Nikamwambia hapana baba, ni kampuni, iko Dar. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa binti yake ameolewa na mgonjwa. Hakuuliza tena.

Na hapa ndipo palipokuwa pananiuma, wakuu. Baba wala hakuwa amefikiria kwamba ghala lilianguka kwa mchoro. Kwake ukuta ni ukuta, unaweza kuanguka. Fundi hakumlaumu, mkwe hakumlaumu. Alichokuwa anahesabu ni nani amefika. Na mume wangu ndiye pekee ambaye hakufika. Wajomba wakaanza maneno, huyu mtu wa ziwani ni mume wa namna gani, kwa nini usirudi nyumbani ukamuuguze mama yako. Nilikuwa naona kabisa ndoa yangu inalegea, na siyo kwa sababu ya mwanamke mwingine wala pombe. Kwa sababu ya bima! Mwanamke mwenzangu ukisimulia hiyo saluni watakuonaje?

Fundi sasa. Huyu fundi aliyemwaga mpunga na yeye. Alikuwa anafika kila siku. Anakaa na wazee, anasema pole mama, pole baba, tumeumia sote. Anakula ugali. Anakula tena. Baba akawa anamwita mwanangu.

Baba Neema kule Mpanda roho inamsuta. Akanunua sukari, sabuni na doti ya kanga nzuri sana, akampa yule dereva wa lori, akamwapiza asitaje imetoka kwa nani, maana zawadi nayo ni kukiri. Dereva akafika Majimoto, akashusha mzigo, akaondoka kimya. Ukoo wakakaa, wakajadili, wakaamua umetoka kwa fundi. Nani mwingine angewaza? Fundi akaulizwa. Akainamisha kichwa akasema, "Ah, kidogo tu hicho."

Mama akaivaa ile kanga akamshukuru fundi. Mimi nipo. Nikanyamaza, maana Baba Neema alishanitumia kikaratasi kwa dereva kwamba mzigo ni wake, na kwamba na mimi ni mtu wa mwenye bima, nisiropoke.

Miezi ikaenda. Mtathmini akafika kutoka Dar, kijana mnene mcheshi wa viatu vya kung'aa, vikafa siku hiyo hiyo kwenye tope la Majimoto. Ndipo Baba Neema akaja naye, mara ya kwanza tangu ajali. Mimi nilikuwa nimetangulia.

Kwetu waliposikia mkwe anakuja, wakajua leo ndiyo leo. Shangazi alipika. Wazee wakaitwa. Viti vikapangwa, na kimoja kikaachwa mbele ya mama, ili mtu akae aseme yake yaishe.

Baba Neema akaingia. Akasalimia. "Shikamoo baba. Shikamoo mama." Akakaa. Akafunga mdomo.

Watu wanasubiri. Kuku wanapita. Baba akamsaidia, akamwambia, "Mwanangu, umetuona lakini." Yaani anampa njia kabisa. Mume wangu anamtazama mtathmini, jasho linamtoka, akasema, na haya ndiyo maneno yake yenyewe, "Baba, kwa sasa sina la kusema."

Shangazi akatoka nje.

Sasa yule mtathmini, mtu wa kampuni yenyewe, akamuona mama na mkono umefungwa shingoni. Akasimama, akamwendea, akainama akamshika ule mkono mzima kwa mikono miwili. "Mama, pole. Pole sana. Poleni wote hapa nyumbani, mmepatwa."

Mama akalia. Wote tukalia. Mtu wa bima akapewa kuku wawili.

Basi akapima ukuta wake, akauliza nani alimwaga, akaandika. Mwisho akamweka baba kitako. Akamwambia, mzee, kampuni inaweza kulipa, lakini lazima kwanza wewe umdai huyu msanifu. Useme alikosea, unamdai hasara ya mpunga, ya ukuta na ya mkono. Bima hii inamlinda anayedaiwa. Asipodaiwa, hakuna cha kulipa.

Baba akauliza, "Nimdai nani?"

"Msanifu wako."

"Huyu hapa?"

"Ndiyo."

Baba akacheka. Alicheka mpaka akakohoa. "Huyu amemuoa mwanangu. Kuna mtu anamdai mkwe wake, halafu mjukuu akija likizo atamtazamaje? Mpunga tumezoa. Ukuta nitajenga. Andika simdai mtu."

Mtathmini akaandika, akasema barua ya kufunga faili itafuata.

Yaani mume wangu alinyamaza miezi yote ile kulinda malipo ambayo baba yangu asingeyaomba hata kwa kuchapwa bakora. Na kama angefika siku ya kwanza angelijua hilo kabla chai haijapoa.

Nilimfuata yule mtathmini kwenye gari. Nikamuuliza, kwani ni kweli mtu mwenye bima haruhusiwi kutoa pole? Akashangaa. "Dada, kilichokatazwa ni kukiri kosa. Pole ni pole. Kwani mnapoenda msibani mnasema pole, ndiyo nyie mmeua?" Nilimrudia Baba Neema nikamwambia alichosema. Usiku ule hakula.

Barua ya kufunga faili ilipokuja, maana aliisubiri hiyo barua, si mnamjua sasa, alichukua mbuzi akaenda Majimoto mwenyewe. Alisema yote. Alipiga magoti, mtu mzima, akasema nilikosea kuchora bila kuuliza, nikakosea kutokufika, nisameheni. Mama alimsamehe kabla hajamaliza. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akampokea mbuzi.

Akasema, "Asante, mgeni."

Tukadhani amejisahau. Hakujisahau. Kuanzia siku ile baba yangu hakumwita tena mwanangu wala mkwe. Mgeni. Na hakumfanyia ubaya hata mmoja, ndiyo shida yenyewe. Alimfanyia heshima. Mgeni amefika, leteni kiti. Mgeni asishike jembe, ataumia mikono. Firigisi apewe mgeni. Wakwe wenzake wako zizini wanasukumana na ng'ombe, wanatukanwa na baba, wanachekwa, yeye yuko kivulini na kiti chake cha kukunja, na glasi ya maji kwenye sahani.

Baba alipofariki, miaka baadaye, wakwe waliitwa kuchimba kaburi. Baba Neema akavua koti akaenda, akashika sepetu. Kaka yangu mkubwa akamtoa sepetu mkononi taratibu kabisa, bila ugomvi. "Shemeji, wewe umetoka safari, kapumzike." Akawekewa kiti kwenye turubai, pamoja na wageni kutoka wilayani. Akapewa soda.

Ile soda aliishika mkononi mpaka tunarudi kutoka makaburini, hajaifungua. Mume wangu simjui kwa kulia, lakini siku ile alilia, na watu wakadhani anamlilia baba.

Nimefika mwisho.

Nilichojifunza: bima kateni, nyie wasanifu na mainjinia, tena kateni kubwa. Mchoro unaua mtu kama gari. Ila siku ya kuikata muulizeni mwenye kampuni uso kwa uso: mteja wangu akiumia, naruhusiwa kwenda kumuona? Msiende nyumbani mkajijibu wenyewe. Na jengo la kuhifadhia kitu, kabla hujachonga penseli, muulize mwenye nyumba anakimwaga au anakipanga.

Na baba mkwe akitaka ramani, mpelekeni kwa mwenzenu.

Wanasheria na watu wa bima mliomo humu, mnisahihishe pale nilipokosea, sina hasira. Wale wa "kula chuma hicho" na nyie karibuni. Baba Neema yuko hapa pembeni, amestaafu usanifu, amesoma uzi wote kabla sijapost. Nimemuuliza kama kuna kitu nimwondolee. Ameniambia nisiondoe kitu, kimeshaandikwa.